Mke wa Mtu wa Chumba cha Betri

Daw Mya Kyin aliishi na mumewe zaidi ya nusu ya umri wake bila kujua hasa mumewe anafanya kazi gani. Alijua anakokwenda asubuhi: ofisi ya simu ya mji wa Hinthada, jengo la ghorofa mbili upande wa mtoni. Alijua kwamba jioni atarudi ananuka tindikali, na kwamba shati lake litakuwa limetoboka vitundu vidogo vidogo kana kwamba limeliwa na nondo. Alivishona vitundu hivyo. Akachoka kuvishona, akavishona tena. Hakuuliza, na mumewe, U Thaung Pe, naye hakuwa mtu wa kusimulia. Alikula wali wake, akawasha sigara yake nene ya majani, akakaa barazani kutazama njia. Ukimwuliza habari za kazi, anakujibu, "Ipo."

Basi akastaafu, na haukupita muda mrefu mapafu yakaanza kumgomea. Kwanza alishindwa kupanda ngazi za hekalu la pagoda siku za mwezi mpevu, mwisho akashindwa hata kuvuka ua kwenda chooni. Daktari alizitazama picha za kifua chake, akamtazama na yeye, akasema mzee huyu sasa ataishi kwa oksijeni. Nyo, binti yao wa pekee, alikuwa Thailand akimenya kamba katika kiwanda cha samaki. Alikopa kwa wenzake akatuma mashine. Ilikuwa na ukubwa wa kapu la nguo, ikinguruma mchana na usiku, na mrija wake mwembamba uliingia puani mwa mzee.

Mashine ilikuwa nzuri, ila ilikula umeme, na umeme wa Hinthada ulikuwa wa zamu. Mtaa huu ukipata, mtaa ule unakosa. Zamu zenyewe zilipangwa na watu ambao hakuna aliyewahi kuwaona, nao wakizivunja hakuna wa kumlalamikia. Nyumbani kulikuwa na mtungi mmoja wa oksijeni wa akiba, na kuujaza tena ilikuwa shughuli ya kuvuka mto na kupiga magoti kwa watu. Kwa hiyo kila umeme ulipokatika, Daw Mya Kyin alikuwa roho mkononi, akifungua mtungi kidogo kidogo kama mtu anayepima mafuta ya mwisho ya kupikia.

Jirani yao Ma Ohn Shwe, muuza mohinga, tambi za mchuzi wa samaki, ndiye aliyemwambia, "Dada, siku hizi kuna boksi la UPS, lina betri ndani. Umeme ukienda lenyewe linashika, hata taa haipepesi. Nenda kwa Ko Zarni pale sokoni."

Akaenda. Ko Zarni alikuwa kijana mchangamfu, meno mekundu kwa tambuu, na duka lake lilijaa simu, waya na feni mpaka mlangoni.

"Mashine ya mgonjwa?" akauliza. "Mama yangu, chukua hili hapa. Unaiona namba? Elfu moja na mia mbili! Hili ni ng'ombe wa kulimia, mama. Litabeba nyumba nzima."

Daw Mya Kyin akaitazama namba ile, na kwa kuwa namba ilikuwa kubwa, moyo wake ukatulia. Akalibeba boksi kwenye rikisha ya baiskeli, akilishika kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza umeme ulikatika wakati wali uko jikoni. Boksi likalia pii, mashine ikaendelea kunguruma vilevile, na feni ikaendelea kuzunguka. Daw Mya Kyin alisimama mlangoni akacheka peke yake. Akarudi kuutazama wali. Wali haujakauka, akasikia boksi linalia pii pii pii bila kupumua, kisha kimya. Mashine ikazima. Alipofika chumbani mumewe alikuwa ameketi wima, mdomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, na mkono wake unapapasa hewani. Daw Mya Kyin alihangaika na kifunguo cha mtungi, kikateleza, kikaanguka chini ya kitanda. Akapiga magoti kukitafuta huku akilia kwa sauti kama mtoto.

Kesho yake alikuwa dukani kabla Ko Zarni hajamaliza kukunja pazia.

"Umeniuzia uchafu."

"Mama, taratibu. Limegoma?"

"Limezima kabla wali haujaiva! Ulisema elfu moja na mia mbili."

"Ndiyo, lakini elfu moja na mia mbili si dakika, mama."

"Ni nini basi?"

Ko Zarni akajikuna kidevu. "Ni VA."

"VA ni nini?"

"Ni... nguvu yake. Ni ukubwa." Akalisoma boksi upande mmoja, akaligeuza, akasoma upande wa pili. "Ukweli wa Mungu, mama, sisi tunauza. Watu wananunulia kompyuta, wanapata nafasi ya kuizima vizuri, basi. Sikujua wewe unataka likeshe."

Alirudi nyumbani. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamsimulia mumewe, si kwa kutaka jibu, ila kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine. U Thaung Pe akasikiliza. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miezi: akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja, mkewe akamshika mgongo mpaka kikapita.

"Bega," akasema mzee.

"Bega linakuuma?"

Akatikisa kichwa, akalielekeza boksi kidole. "Lina bega." Akavuta hewa. "Na tumbo. Vitu... viwili."

Hakuweza kusema zaidi siku ile. Maneno manne matano yalimchosha kama mtu aliyepandisha magunia. Lakini Daw Mya Kyin aliyabeba maneno hayo jikoni, akayageuza pamoja na vitunguu, na kabla mchuzi haujachemka alikuwa ameelewa. Kuna mzigo ambao boksi linaweza kuubeba kwa wakati mmoja, na hilo ndilo bega. Namba kubwa ya Ko Zarni ilikuwa ya bega. Na kuna umeme uliowekwa ndani ya betri, na hilo ndilo tumbo, nalo lilikuwa dogo. Ng'ombe wa kulimia amepewa chakula cha kuku.

Kuanzia hapo wakawa na desturi. Asubuhi, baada ya kumwosha na kumlisha uji, alikaa karibu naye akasema, "Haya, Baba Nyo. Neno la leo." Na mzee alimpa neno moja, siku akiwa na nafuu mawili.

"Wati," alisema siku moja.

"Wati na VA si kitu kimoja?"

"VA... ya dukani. Wati... ya nyumbani."

Ikabidi amwulize vipandevipande, yeye akijibu kwa kichwa, mpaka akajua kwamba VA ndiyo namba ya kutangazia, na wati ndiyo kazi ambayo boksi linaifanya kweli, na kwamba wati za boksi huwa pungufu kuliko VA zake. Siku nyingine akafundishwa kwamba umeme wa betri si ndugu wa umeme wa ukutani, kwa hiyo mle ndani mna kifaa cha kuugeuza, na kila ugeuzwapo sehemu yake inapotea kwa joto. Akafundishwa kwamba umeme ukirudi huwa unarudi kwa kishindo, na boksi huusubiri utulie kabla ya kuupokea. Ndiyo maana taa za jirani huwaka kwanza. Milio nayo akaijua: mlio mmoja mmoja wa mbalimbali, betri imeshika, milio ya haraka, tumbo linaisha, nenda kwenye mtungi sasa hivi.

"Feni toa," mzee alisema mchana mmoja wa joto kali.

"Nikitoa feni utaiva humu."

"Mzigo," akasema. "Toa."

Alikuwa ameichomeka feni na taa ya chumbani kwenye boksi lilelile, na vyote vilikuwa vikila tumbo moja na mashine. Akavitoa. Tangu siku hiyo, umeme ukikatika, alimpepea kwa kipepeo cha ukindu, mkono huu ukichoka anahamishia ule, jasho lake mwenyewe likidondoka kwenye shuka.

Nyo alipiga simu wakati wa mapumziko yake kazini. "Baba anasemaje, mama?"

"Anasema mzigo."

"Mzigo gani tena?"

"Mengi tu. Anasema wati. Jana kasema chaja."

Nyo akacheka kule aliko, na nyuma yake mama yake akasikia kelele za kiwanda. "Mimi hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo," binti akasema.

Boksi likatafutiwa tumbo kubwa zaidi. Ko Zarni, ambaye tangu ugomvi ule aliona haya kila alipomwona Daw Mya Kyin sokoni, alijitolea kuja mwenyewe kuunganisha betri mbili za lori. Mzee akatikisa kichwa kwa nguvu mpaka mrija ukachomoka.

"Za lori hapana," akasema. "Za kuwasha... gari. Nunua za sola."

"Anko ni fundi?" Ko Zarni aliuliza, ameshangaa.

"Alikuwa ofisi ya simu," akajibu Daw Mya Kyin, na akashangaa yeye mwenyewe jinsi alivyolisema kwa majivuno.

Zikaja betri za sola, nzito kama mawe ya kusagia, zikawekwa barazani penye upepo kwa amri ya mzee, kwa sababu betri ikijazwa hutoa hewa isiyofaa kufungiwa ndani. Na akaonya: zisinywewe mpaka chini, zikifika nusu waache, vinginevyo zitakufa mapema. Kwa majuma kadhaa nyumba ile ilikuwa na amani. Umeme ulikwenda na kurudi, mashine haikujua. Daw Mya Kyin aliweza hata kwenda sokoni na kurudi.

Asubuhi moja ya mvua, neno la siku lilikuwa "akiba". Na kwa sababu alikuwa na nafuu, mzee akaongeza ambalo hakuombwa. Akasema kwamba ofisi ya simu ilikuwa na chumba kizima cha betri, mitungi ya vioo imepangwa safu kwa safu, na kazi yake ilikuwa kuzinywesha maji, kuzipima, kuzifuta chumvi, ili umeme wa mji ukizima simu zisizime. Ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. "Mafuriko yale... makubwa," akasema, "ziliokoa."

Daw Mya Kyin akaacha kukunja nguo.

Mwaka wa mafuriko yale alikuwa na mimba ya kwanza. Mama yake alimchukua kwa mtumbwi akampeleka kwao, juu kwenye mwinuko, na huko akajifungua mtoto wa kiume aliyeishi mpaka jioni ya pili. Mumewe hakuja. Alikuja maji yalipopungua, miguu imevimba, macho mekundu, mtoto keshazikwa. Hakusema alikuwa wapi. Baadaye sokoni wanawake walinong'ona kuhusu msichana mmoja mpokea simu, Ma Than Nu, mwenye nywele mpaka kiunoni, kwamba naye alifungiwa na maji ofisini wiki ileile. Daw Mya Kyin hakumwuliza mumewe. Alilimeza neno hilo likakaa. Nyo alizaliwa, akakua, akaondoka, nalo lilikuwa bado limekaa.

"Wiki ile," akasema sasa, "ulikuwa wapi?"

"Chumbani. Kwenye betri."

"Wiki nzima?"

"Jenereta lilizama." Akavuta hewa. "Zilibaki betri tu. Nikawa... nazima laini hizi... naacha hizi. Hospitali. Boti za uokoaji." Akavuta tena. "Ningetoka... zingekufa."

"Na Ma Than Nu?"

Mzee akakunja uso, akilitafuta jina. "Yule... alikuwa analala mezani. Analia. Anataka kwao."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Daw Mya Kyin akasogeza kigoda karibu zaidi, akauliza polepole, "Na mimi? Habari zangu zilikufikia?"

U Thaung Pe akaitazama dari. Mashine ikanguruma.

"Simu... ilipitia kwetu," akasema mwishowe. "Diwani wa kule kwenu alipiga. Niliambiwa."

"Uliambiwa nini? Kwamba nimezaa, au kwamba amekufa?"

"Yote."

"Ukabaki."

"Nikabaki."

"Kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii, Baba Nyo, kwa nini hukusema hata siku moja?"

Akaonyesha kooni kwa kidole, akatikisa kichwa: hewa imekwisha. Huenda ilikuwa imekwisha kweli. Huenda alijificha nyuma yake. Daw Mya Kyin hakujua, na hakuna atakayejua.

Aliondoka akaenda kusimama jikoni. Alikuwa amejiandaa kwa miaka kusikia habari za mwanamke, na mwanamke angemwelewa, angemtukana, labda angemsamehe. Lakini mumewe alikaa na mitungi ya vioo huku akijua mkewe yuko kitandani kwa mama yake na mtoto amefungwa kitambaa. Alikaa kwa ajili ya watu ambao hata majina yao hakuyajua, na huenda baadhi yao walipona kwa ajili yake. Hasira yake ilikosa mahali pa kushika, ikabaki humohumo ndani yake.

Kesho yake hakuuliza neno. Alimwosha, akamlisha, akageuza mto, akatoka. Na siku iliyofuata vivyo hivyo. Mzee alimfuata kwa macho. Ma Ohn Shwe alipoleta bakuli la mohinga akauliza, "Vipi, dada, darasa limefungwa?"

"Mwalimu kachoka," akajibu.

Lakini umeme ulipokatika alikuja mbio kama siku zote, akakagua taa ya boksi, akachomoa plagi isiyohitajika, akashika kipepeo akampepea. Mikono yake haikungoja ruhusa ya moyo. Siku moja wakiwa hivyo, yeye anapepea ametazama ukutani, mzee akaanza mwenyewe.

"Kuhama," akasema.

Daw Mya Kyin akapunguza kupepea ili asikie.

"Umeme ukienda... kabla betri haijashika... katikati pana pengo. Dogo. Kama kufumba jicho. Mashine... haijui."

"Mmh."

"Mimi," akasema mzee, "huwa najua."

Ndiyo mara pekee aliyomwambia kwamba anaogopa. Daw Mya Kyin aliweka kipepeo chini, akamshika mkono, mkono uliokauka na wenye makovu meupe ya tindikali, wakakaa hivyo mpaka umeme uliporudi. Hawakuyazungumza tena yale ya mafuriko. Maneno ya asubuhi yakarudi, lakini sasa yalikuwa machache, kwa kuwa pumzi nazo zilikuwa chache.

Mvua zilipozidi, zamu za umeme zikavurugika kabisa. Ulikuja kwa kuonjesha, ukaondoka. Betri kubwa zilihitaji muda mrefu wa kujazwa, na chaja ya boksi ilikuwa ndogo, kwa hiyo kila mara zilianza kazi zikiwa hazijashiba. Mzee alikuwa ameyasema haya mapema, na mkewe akaelewa sasa kwa nini kuelewa hakumsaidii. Alijua kila neno. Alijua ni kwa nini milio ya haraka inakuja mapema kuliko jana, na kesho itakuja mapema zaidi. Alilala amevaa, kifunguo cha mtungi kimefungwa kwa uzi kiunoni. Mtungi ukaisha, akavuka mto na mvua, akasihi, akapewa uliojazwa nusu. Alikonda. Ko Zarni akaleta betri nyingine aliyoitoa kwake mwenyewe, hakutaka kusikia habari ya malipo.

Kisha, kama kawaida ya wakubwa wasioonekana, zamu zikatengemaa. Siku tatu mfululizo umeme ulikaa. Betri zikashiba, taa ya kijani ikawaka bila kupepesa, na Daw Mya Kyin akalala usingizi wa kweli.

Siku ya tatu, adhuhuri, alikuwa jikoni akipika mchuzi mchachu wa samaki, feni inazunguka, redio ya jirani inasoma habari. Alipoingia na bakuli, U Thaung Pe alikuwa amelala ubavu, mrija uko puani, mashine inanguruma vizuri, inasukuma hewa safi ndani ya mtu asiyevuta. Aliweka bakuli chini. Akamwita, "Baba Nyo." Akamwita kwa jina la ujana, "Ko Thaung." Akakaa. Hakuizima mashine kwa muda mrefu, kwa kuwa mikono yake ilikuwa imezoea kuiwasha tu.

Watu wakajaa. Ma Ohn Shwe akamkumbatia, akauliza kilichokuwa midomoni mwa wote. "Umeme ulikatika, dada?"

"Haukukatika."

"Betri je?"

"Zilikuwa zimejaa."

"Sasa nini?"

"Hakuna, Ma Ohn. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi."

Na hapo ndipo alipolia, kwa sababu alitamani umeme uwe umekatika. Alitamani boksi liwe limekufa, Ko Zarni awe amemdanganya tena, awepo mtu wa kwenda kumfokea kabla hajamaliza kukunja pazia lake.

Nyo alifika siku ya saba ya msiba, wakati watawa wanakula chakula cha sadaka. Vidole vyake vilikuwa vimechanikachanika kwa maganda ya kamba. Usiku walikaa wawili, na binti akauliza alichokuja nacho njia nzima. "Mwishoni baba alisema nini, mama? Alinitaja?"

Daw Mya Kyin alimtazama. Angeweza kumwambia ndiyo. Angeweza pia kumwambia habari za mafuriko, na kwamba alikuwa na kaka. Mdomo ukafunguka, ukafumba. Akagundua kwamba sasa yeye ndiye anayeonyesha koo, kama mumewe siku ile.

"Alisema utunze afya yako," akamdanganya. Nyo akainamisha kichwa, akaamini au akajifanya ameamini.

Binti alirudi kiwandani. Mashine ikachukuliwa na familia moja ya ng'ambo ya mto, yenye bibi mwenye ugonjwa uleule, na betri zikaenda nayo, na boksi pia. Mwanamke aliyekuja kuvichukua alikuwa na haraka. Alisema mwanawe ni mjuzi wa mambo ya umeme, wataunganisha wenyewe, hakuna shida. Daw Mya Kyin alianza kumweleza habari ya mzigo, na kwamba betri zisinywewe mpaka chini, lakini mwanamke yule alikuwa tayari anahangaika na kamba za kufungia kwenye mtumbwi, akiitika "ndiyo, mama, ndiyo, mama" bila kusikia. Akamwacha.

Siku hizi umeme ukikatika pale mtaani, nyumba ya Daw Mya Kyin inaingia gizani pamoja na nyingine. Majirani wanahangaika na mishumaa, watoto wanapiga kelele. Yeye hainuki. Anakaa palepale alipokuwa amekaa, mikono mapajani, mpaka urudi.